Barua ya Wazi Kutoka Kilindini: Vikwazo Vinavuja Kwenye Karatasi

Kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Waziri wa Fedha, Kamishna wa Forodha na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Bandari

Waheshimiwa,

Tarehe 13 Julai 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kupeleka silaha Sudan Kusini, kwa azimio namba 2428. Kura za kuunga mkono zilikuwa 9, ambayo ndiyo idadi ya chini kabisa ya kupitisha azimio. Wajumbe 6 walijizuia. Tangu hapo marufuku hiyo huongezwa kila mwaka mwishoni mwa Mei. Kenya ilipokuwa na kiti barazani, 2021 na 2022, mara zote mbili ilijizuia kupiga kura. Hatukuja kubishana na kura hizo. Azimio likishapita ni wajibu wetu, tulilipenda au hatukulipenda, na sehemu nzito ya wajibu huo iko ndani ya mageti ya bandari ya Kilindini, Mombasa. Sudan Kusini haina bahari. Mafuta yake hutoka kwa bomba hadi Port Sudan, lakini mizigo inayoingia nchini humo kwa wingi hushushwa hapa, hupanda Malaba, huvuka Uganda hadi Elegu, huingia Nimule na kufika Juba.

Tunaotia sahihi ni mawakala wa forodha, makarani wa tali, wale wanaohesabu mizigo gatini, na wasafirishaji wa mizigo ya kupita, yaani inayokwenda nchi nyingine. Karatasi ndiyo kazi yetu, na kwa kazi hiyo tunajua vikwazo vinavujia wapi. Vikiachwa hivyo humbana mwenye duka la unga Juba, na anayeagiza bunduki anapita.

Tuanze na meli mbili za 2008, maana kila kitu kimo humo.

Mwezi Aprili meli ya Kichina An Yue Jiang ilifika nje ya Durban ikiwa na silaha za Zimbabwe, zikiwemo risasi milioni 3 na roketi 1,500 za RPG, huku matokeo ya uchaguzi wa urais wa Zimbabwe yakiwa bado yamekaliwa. Umoja wa Mataifa haukuwa na marufuku yoyote juu ya Zimbabwe, na kibali cha kupitisha shehena kilikuwa kimeshatolewa. Makuli wa Durban wakakataa kuishusha. Mawakili wakaenda Mahakama Kuu na sheria ya Afrika Kusini ya 2002 ya kudhibiti silaha, ambayo inamtaka mtoa kibali azingatie rekodi ya haki za binadamu ya anayepelekewa. Amri ikatoka tarehe 18 Aprili, na meli ikang'oa nanga.

Septemba 25 mwaka huohuo maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa, na ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Iliachiwa Februari 2009 baada ya fidia ya dola milioni 3.2, ikaingia bandarini, vifaru vikashushwa. Serikali ilisema ni vya jeshi letu. Nakala ya orodha ya shehena iliyosambaa ilionyesha herufi GOSS kando ya namba za mikataba, na hapa mjini kila aliyewahi kupeleka mzigo Juba alizisoma kama Serikali ya Sudan Kusini. Tukaambiwa zina maana nyingine. Mtu wa Mombasa aliyesema hadharani vifaru vinakwenda wapi alikamatwa na kushtakiwa. Ni kweli kwamba wakati huo marufuku ya 2018 haikuwapo. Lakini angalieni kilichokosekana: si hati, si mpokeaji, si sahihi. Hakuna aliyekuwa na wajibu kisheria wa kuuliza kama anayepokea ndiye atakayetumia. Durban swali hilo lilikuwa na sheria nyuma yake na jaji wa kulisikiliza.

Sasa tushuke kwenye karatasi yenyewe.

Kontena la futi 40 hufika limefungwa sili. Kampuni ya meli haikuona kilichomo. Ndiyo maana hati ya shehena huandika kwamba kontena "linasemekana kuwa na" bidhaa fulani, na kwamba msafirishaji ndiye aliyepakia na kuhesabu. Maneno hayo yaliwekwa kumlinda mwenye meli na lawama. Afisa anayeyachukua kama ushahidi wa kilichomo amejidanganya mwenyewe. Kisha kuna kisanduku cha mpokeaji. Mara nyingi hakina jina la mtu: huandikwa "kwa amri ya" benki, kwa sababu benki imetoa pesa na inashikilia hati mpaka ilipwe. Ni biashara halali ya kila siku. Lakini mfumo unaolinganisha kisanduku hicho na orodha ya watu waliowekewa vikwazo utapata jina la benki na kuwasha taa ya kijani. Jina lenye habari liko chini yake, kwenye kisanduku cha mtu wa kuarifiwa. Ukaguzi wa majina uanzie hapo, kisha uende kwa wakurugenzi wa kampuni hiyo na wenye hisa.

Wenye hisa ni muhimu kwa sababu ya dola. Kwa kanuni ya Marekani, kampuni ambayo watu walioorodheshwa wanamiliki asilimia 50 au zaidi imefungwa hata kama jina lake halimo kwenye orodha yoyote. Wakala wa Mombasa hana njia ya kujua nani anamiliki kampuni iliyosajiliwa Juba au Dubai. Nyinyi mnazo balozi. Tunaomba dirisha moja la maulizo, lenye mtu wa kujibu ndani ya saa za kazi, kabla demareji, tozo ya kontena kukaa kupita muda wake, haijaanza kuhesabiwa. Jibu likichukua siku kumi, mwenye mzigo halali amelipia uzembe wa ofisi, na wakala wa safari ijayo hatauliza tena.

Majina yenyewe ni mtego. Orodha ya Umoja wa Mataifa ya Sudan Kusini si ndefu: watu 6 waliwekwa mwaka 2015 na 2 wakaongezwa Julai 2018. Mmoja wa hao wawili, Paul Malong Awan, anajulikana pia kama Paul Malong Awan Anei na kama Bol Malong. Kwa Sudan hali ni mbaya zaidi kwa kuwa majina yanatoka kwenye hati ya Kiarabu. Kiongozi wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, ambaye Marekani ilimwekea vikwazo tarehe 7 Januari 2025, utamkuta Mohamed, Mohammed, Mohammad au Muhammad, na ubini wake Dagalo au Daglo. Ukizidisha namna hizo unapata tahajia nane za mtu mmoja, na kompyuta inayotafuta herufi kwa herufi itakamata moja. Mfumo wa forodha ulinganishe matamshi, na tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti ndiyo itumike kumwachilia asiyehusika. Huyo wa mwisho msimsahau: Pwani hii imejaa akina Mohamed Hamdan wasio na hata kisu cha jikoni.

Upande wa mizigo, silaha zilizotajwa waziwazi, zile za sura ya 93 ya kitabu cha ushuru, si shida kubwa. Mwenye nia mbaya haandiki hivyo. Shida ni vitu ambavyo si silaha mpaka vifike. Pikapu ya Land Cruiser ni gari la zahanati, ni gari la wachimba visima, na ndilo hilohilo linalofungwa bunduki nzito kwenye bodi la nyuma. Huingia kwa namba 8704 pamoja na malori. Droni zimepewa namba yake, 8806, tangu marekebisho ya 2022, ila injini ndogo, betri na kamera zake huja mbalimbali, kwa wapokeaji mbalimbali, kwenye sura za 84, 85 na 90. Skana haitawasaidia hapa. Picha itaonyesha gari, tangazo la forodha litasema gari, na vyote viwili vitakuwa kweli. Kinachozungumza ni hesabu na mwenye mzigo: kampuni iliyosajiliwa juzi kwa biashara ya vyakula ikiagiza pikapu 40 za rangi moja ya mchanga, bila vipuri vya akiba, na malipo yakitoka kwa mtu wa tatu katika nchi nyingine. Tunaomba namba ya chesisi ya kila gari iingizwe kwenye tangazo la kupita, moja moja, isiwe "magari 40 kama yalivyo kwenye ankara". Kisha namba hizohizo zithibitishwe Nimule kabla bondi ya wakala, ile dhamana yake ya ushuru, haijafunguliwa. Kazi ya kuandika namba 40 ni ya nusu siku. Tutaifanya.

Hatua tunayoihofia kuliko zote ni marekebisho ya manifesti, ile orodha ya shehena ya meli. Yana sababu nzuri: karani wa bandari ya kupakia amekosea uzito, jina limekatika, mzigo umeuzwa ukiwa baharini. Lakini ndiyo njia rahisi ya kubadilisha safari. Mzigo unasomwa kuwa wa Kampala, unapimwa hatari yake kama wa Kampala, unapewa rangi ya kijani, ya kupita bila kufunguliwa. Siku mbili baadaye mpokeaji anabadilishwa na mwisho wa safari unakuwa Juba, ukiwa bado na rangi ya zamani. Hakuna sili iliyovunjwa wala hati iliyoghushiwa. Marekebisho yoyote yanayogusa mpokeaji, mtu wa kuarifiwa, nchi ya mwisho au namba ya ushuru yanapaswa kuurudisha mzigo mwanzo wa uchambuzi, kama vile meli imetia nanga leo. Ya uzito na tahajia yapite haraka. Mkiyachanganya yote pamoja, foleni itawashinda ndani ya wiki na mtarudi kupitisha kila kitu.

Meli nazo hujificha, ingawa hili ni rahisi kuliko mnavyoambiwa. Jina hupakwa rangi upya, bendera hubadilishwa, mwenye meli huwa kampuni nyingine ya sanduku la posta. Namba ya IMO, ambayo kila meli husajiliwa nayo kimataifa, haibadiliki mpaka meli ikatwe vyuma. Ina tarakimu saba, na ya saba hukagua sita za mwanzo. Chukueni 9074729. Zidisheni 9 kwa 7, 0 kwa 6, 7 kwa 5, 4 kwa 4, 7 kwa 3 na 2 kwa 2. Mtapata 63, 0, 35, 16, 21 na 4, jumla 139. Tarakimu ya mwisho ya 139 ni 9, na namba inaishia na 9, kwa hiyo imekaa sawa. Namba ya kubuni hukwama hapa mara tisa kati ya kumi, na hesabu yenyewe inafanyika nyuma ya risiti ya chai. Ikikaa sawa, bado lazima ilinganishwe na umbo na umri wa meli iliyoko gatini. Tazameni pia mtambo wa utambulisho, unaotangaza meli ni ipi na iko wapi, ambao meli za safari za kimataifa za tani 300 na zaidi lazima ziwe nao: ukizimika saa mbili si hoja, ukizimika siku nne kisha meli ikaibuka imezama zaidi majini kuliko ilivyokuwa, kuna mzigo ulioongezeka mahali.

Majahazi mengi ya Bandari ya Kale hayana namba hiyo kabisa. Makaa ya Somalia yalitufundisha. Azimio 2036 la Februari 2012 lilipiga marufuku kuyasafirisha nje kwa sababu yaliilisha al-Shabaab, na bado yaliendelea kutoka Kismayo kwa miaka, yakiwa na hati za asili zilizotaja nchi nyingine, Komoro ikiwemo. Aliyepokea hati ile hakujiuliza kama visiwa vile vina miti ya kutosha kuchoma makaa ya meli nzima.

Kuhusu cheti cha mtumiaji wa mwisho, ile barua ya serikali inayosema vifaa ni vyake na havitauzwa tena: kikiletwa na dalali mkononi, kihesabiwe hakijaletwa. Ofisi iliyokitoa ithibitishe moja kwa moja kwa ubalozi wetu, na namba ya simu itoke ubalozini, isitoke kwenye kichwa cha barua inayokaguliwa. Cheti kitaje idadi, namba za vifaa na mkataba. Kinachosema "vifaa mbalimbali vya usalama" kirudishwe. Baada ya kupokelewa, hati ya uthibitisho irudi Mombasa. Misamaha ya marufuku ya Sudan Kusini nayo isomwe kwa makini, maana imebadilika. Tangu azimio 2683 la Mei 2023, vifaa vya kijeshi visivyo vya kuua vinavyosaidia utekelezaji wa mkataba wa amani havihitaji tena taarifa kwa Kamati ya vikwazo ya Baraza la Usalama. Mlango huo ni halali na una sababu zake, ila sasa anayeamua kama redio au lori lile linasaidia amani ni afisa wa zamu, bila mwongozo. Mwandikieni. Na azimio la 2018 limeshawapa mamlaka: linazitaka nchi jirani zikague mizigo pale penye sababu za msingi, linaruhusu kukamata, na linadai taarifa ya maandishi kwa Kamati mara ukaguzi unapofanyika.

Sudan ina kasoro nyingine, ya ramani. Marufuku ya Umoja wa Mataifa ya 2004, iliyopanuliwa na azimio 1591 la 2005, inahusu Darfur tu. Mzigo uliotajwa Port Sudan uko nje yake, na hakuna ukaguzi wa Kilindini unaoweza kuziba pengo hilo. Hilo ni la wanadiplomasia. Tunalitaja ili mtu asije kuulizia bandarini jambo lililoachwa New York.

Sili za kielektroniki za mfumo wa kikanda, ulioanza 2017 kwa Kenya, Uganda na Rwanda, ni nzuri kwa kuonyesha lori limepita wapi na limesimama wapi. Hazionyeshi kilichoshushwa. Msimgeuze dereva kuwa mpelelezi ili kuziba upungufu huo. Barabara ya Nimule kwenda Juba imeua madereva wetu.

Kuna upande mwingine wa barua hii, nao ndio unaotuuma zaidi. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Buyoya, nchi za eneo hili zilikutana Arusha chini ya Mwalimu Nyerere na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Vilikuwa vikwazo vyetu Waafrika, havikuagizwa na mtu. Mafuta yakapanda bei, mbolea ikakosekana, na waliokuwa karibu na wenye bunduki wakatajirika kwa magendo. Aprili 1997 ikabidi vyakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo viachiwe, na Januari 1999 vyote vikasimamishwa. Waliofunga kila kitu kwa pamoja walitumia miaka miwili na nusu kufungua kimoja kimoja. Kinyume chake ni 1976. Amin alipodai sehemu za Kenya, Februari, makuli wa Kilindini walikataa kugusa mizigo ya Uganda. Julai, baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka Entebbe, Kenya ikambana kwenye mafuta na malipo, na Agosti akakubali masharti. Dai lilikuwa moja na kila mtu alijua likitimizwa nini kitafunguliwa.

Hofu ya benki hufanya vikwazo vidogo kuwa vikubwa. Malipo ya dola hupita New York, na tangu BNP Paribas ilipotozwa karibu dola bilioni 9 mwaka 2014 kwa miamala ya Sudan, Iran na Cuba, benki nyingi zinaona heri kukataa. Kenya kuwekwa kwenye orodha ya kijivu ya kikosi cha kimataifa cha kuzuia utakatishaji fedha, Februari 2024, kumeongeza maswali. Kwa hiyo dawa za watoto, ambazo hakuna azimio lililozikataza, hukaa godauni kwa sababu karani wa benki ameona neno "Sudan" kwenye ankara. Hazina na Benki Kuu ziandike waraka mmoja unaotaja vyakula, dawa, mbegu na chai kwamba ni halali kulipiwa, kwa hati zipi, na kwamba benki iliyofuata waraka haitaadhibiwa na msimamizi wake wa hapa. Marekani ilipoifungia Sudan biashara Novemba 1997, gundi ya mgunga iliachwa nje kwa kuwa viwanda vya soda vya huko vinaihitaji. Msamaha huandikika mwenye shida akiwa mkubwa.

Chai tumeitaja makusudi. Februari 2025 RSF na washirika wake walitia sahihi mkataba wao Nairobi; Machi, Sudan ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya au zinazopitia Kenya. Chai iliyokwisha kununuliwa ikakwama, nyingine Mombasa, nyingine njiani. Hicho kilikuwa kikwazo chao kwetu, na aliyekilipia ni mkulima na mchukuzi. Serikali ikitaka kuwa mpatanishi na mwenyeji wa upande mmoja kwa wakati uleule, angalau iwaonye wafanyabiashara wiki mbili kabla.

Mwisho, anayetoa taarifa alindwe kabla ya taarifa kuthibitishwa, si baada. Karani wa tali anayeona uzito wa kontena la nguo haufanani na nguo hana muda wa kuajiri wakili, na yaliyompata aliyesema mwaka 2008 bado yanakumbukwa gatini.

Mengine humu yanahitaji bajeti, mengine sheria mpya. Marekebisho ya manifesti hayahitaji kimojawapo. Ni waraka wa ukurasa mmoja wa Kamishna: mpokeaji, wa kuarifiwa, nchi ya mwisho au namba ya ushuru ikibadilika, mzigo upimwe upya. Tuko tayari kuleta rasimu Jumatatu asubuhi.

Wenu,

Mawakala wa forodha, makarani wa tali na wasafirishaji wa mizigo ya kupita
Kilindini, Mombasa